Bahari Tuliyoikoroga Shirimatunda

Nyie mnaofunga sola siku hizi mna raha, na wala siwaonei wivu. Mnafika na pikipiki, paneli imefungwa nyuma kwa mpira, mnapanda paani, na kabla chai haijapoa mama mwenye nyumba anawasha taa. Nawaangalia kutoka barazani kwangu nikimenya ndizi za machalari, zile za kupika na nyama, nacheka peke yangu. Halafu naona mmeifunga paneli chini ya mparachichi, na kicheko kinaniisha.

Basi leo kaeni kitako niwasimulie. Nilianza kazi ya umeme wa jua wakati ambapo ukilitamka neno sola pale Moshi, watu walikuuliza ni dawa ya nini. Nimefunga taa makanisani, friji za chanjo kwenye zahanati, pampu za maji kule Kahe. Lakini kazi ambayo nikiikumbuka mpaka leo najiona mrefu ni ile ya boti. Boti ya tanga, yenye mlingoti wake, iliyoundwa Shirimatunda. Ndiyo, Shirimatunda hii hii, ambako maji mengi kuliko yote ni ya mfereji wa kumwagilia mahindi.

Mwenye boti alikuwa Mzee Pritam, Singasinga mwenye karakana ya kuunda bodi za mabasi. Baba yake alivuka bahari kutoka India akiwa kijana, akapanda bara, akajenga maisha chini ya mlima, na mpaka anakufa hakuacha kuisimulia ile safari. Mzee Pritam mwenyewe alizaliwa Moshi akakulia Moshi. Bahari aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu, na kwa zile safari za kwenda Tanga kununua vyuma. Ilipokuja miaka ya ruksa, na vitu ambavyo zamani ungevipata kwa kibali na kujuana vikaanza kujaa madukani, wenzake walijenga maghorofa. Yeye alianza kukunja mabati mazito nyuma ya karakana, mahali lilipopaswa kukaa basi. Mafundi wake walidhani ni tangi la maji. Lilipoanza kuchongoka upande wa mbele, wakadhani mzee amechanganyikiwa.

Alinifuata nyumbani kwa ajili ya umeme.

"Ndeshi," aliniambia, "kwenye basi injini ndiyo inachaji betri. Mimi kwenye boti yangu nataka jua lichaji. Na jua hilo hilo linitengenezee maji ya kunywa."

"Maji kutoka wapi, mzee?"

"Kutoka baharini. Kuna mashine. Nimeipata Mombasa kwenye boti ya Mzungu iliyouzwa vipande vipande."

Nikamwambia ukweli kwamba sola naijua, lakini mashine ya maji sijawahi hata kuiota. Akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Na mimi boti siijui. Tuanze."

Mashine yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuiridhisha. Pampu inavuta maji ya chumvi na kuyasukuma kwa nguvu kubwa sana ndani ya bomba nene. Humo ndani kuna chujio la utando uliokunjwa kama mkeka, na matundu yake ni madogo kiasi kwamba chumvi inashindwa kupita. Maji mengi yanarudi baharini na chumvi yake. Machache, uzi mwembamba tu, yanatokea upande wa pili yakiwa matamu. Mashine ile ilikuja na machujio mawili, moja limekwisha kufungwa na jingine la akiba, likiwa bado kwenye mfuko wake.

Mzee alitaka kuisafiria ile bahari ya masimulizi ya baba yake, na sasa niwajulishe mtu aliyeshika hatima ya safari nzima. Huyo hakuwa Mzee Pritam, bali mke wake, Mama Jasi. Kila mchana alikuja karakanani na chakula cha mumewe, na kila alipokuja aliizunguka boti mara moja, akaondoka. Siku moja alisimama akaweka vyombo chini.

"Mimi nimezaliwa chini ya mlima huu," alisema. "Maji yananishukia yenyewe kutoka juu, baridi, sijamwomba mtu. Leo niende nikakae juu ya chumvi, nife kiu huku nayatazama maji?"

"Kuna mashine," alijibu Mzee Pritam.

"Haya. Siku boti ikiingia baharini, nitakunywa glasi moja ya hiyo mashine yenu. Ikiwa tamu, tutazungumza. Ikiwa na chumvi, boti inarudi Moshi, unaikata, unatengeneza mabasi."

Mafundi wote tulisimama na nyundo zetu hewani. Mzee Pritam alivuta ndevu, akamtazama mke wake, akaitazama boti.

"Nimekubali," alisema.

Mama Jasi alipoondoka nilimuuliza mzee kama anatania. Hakuwa anatania hata kidogo. "Bila yeye siendi, Ndeshi. Nimeishi naye umri wote huu, leo nimwache ufukweni ananipungia mkono? Kama haendi, ni vyuma tu hivi." Tangu hapo nikajua kwamba ndoto ya yule mzee imekaa ndani ya glasi moja, na anayetakiwa kuijaza ni mimi.

Niwarudishe nyuma kidogo, maana hapa kuna jambo ambalo nyie wa chini ya mparachichi mnalihitaji. Kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa zahanati moja huko kwetu Mwika. Niliifunga paneli wakati wa kiangazi, kwenye nguzo nzuri, ikatazama jua vizuri, friji ya chanjo ikavuma. Masika yakaja, yakapita, na nesi akaleta ujumbe kwamba friji inalala. Nikapanda Mwika. Nikabadilisha waya, nikapima betri, nikaifungua friji karibu yote. Mwisho nilikaa chini kwa hasira, nikainua uso, nikaona jani la mgomba. Siku nafunga, mgomba ule ulikuwa kimo cha kiuno changu. Sasa jani lake moja lilikuwa limetupa kivuli katikati ya paneli. Kumbukeni vijana, paneli ni kama watu waliopanga mstari wanapokezana ndoo. Mmoja akisinzia, ndoo zote zinasimama. Nilikata lile jani, friji ikaanza kuvuma nikiwa bado na panga mkononi. Nesi alicheka, mimi nikaondoka bila hata kunywa chai.

Kwa hiyo mafundi wa Mzee Pritam walipotaka paneli zilale katikati ya boti, karibu na mlingoti, eti ndiyo zinapendeza, niliwaambia wapandishe tanga kwanza. Wakapandisha tanga pale pale uani Shirimatunda. Watu waliokuwa wanapita barabarani walisimama na mizigo yao kichwani. Tulikaa tukakitazama kivuli cha mlingoti na cha tanga kikitembea juu ya zile paneli kama jani la Mwika, na hakuna aliyebisha tena. Tukaamua kuziweka nyuma kabisa, juu, kwenye fremu. Mafundi wa mabasi wanajua fremu moja tu ya kuweka juu ya kitu. Wakatengeneza keria. Keria kamili ya basi, pamoja na ngazi yake ya nyuma ya kupandia mizigo. Nawaambia ilikuwa imara kuliko boti yenyewe.

Waya nao tulipambana nao. Umeme wa volti kumi na mbili ni mnyonge, ukiupitisha kwenye waya mwembamba unachokea njiani, na pampu inapata masalio. Nilitaka waya mnene, na tena ule uliopakwa bati, kwa sababu hewa ya chumvi inakula shaba mpaka inageuka unga wa kijani. Kila mwisho wa waya niliupaka grisi. Fyuzi niliziweka karibu na betri kabisa, na betri nikazifunga kwa mikanda kama vile boti ingepita barabara ya Rombo wakati wa mvua. Mzee Pritam alisema nimeifunga boti kama mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa wangu hatadondoka.

Jambo jingine nililojifunza si kwa fundi bali kwa bibi yangu. Bibi alikuwa mpishi wa mbege, na kwetu mgeni hapewi kata ya pombe kabla mpishi mwenyewe hajaonja mbele yake. Na kuonja ni kumeza. Ukigusisha midomo tu, mgeni anakuangalia. Mimi niliichukua desturi hiyo nikaitia kwenye kazi yangu yote. Taa nitakayokufungia, nitakaa chini yake kwanza nishone kifungo. Pampu nitakayokufungia, nitaoga maji yake.

Basi mashine ya maji tungeionjaje, na bahari iko Tanga? Tukaamua kuitengeneza bahari wenyewe. Tulichukua tangi la karakana, tukalijaza maji, tukamimina magunia ya chumvi, tukakoroga kwa mti mrefu wa kukorogea mbege nilioazima kwetu. Mzee Pritam alikuwa ameagiza chupa ya maji ya bahari yenyewe kutoka Tanga ili tulinganishe. Tukawa tunaonja chupa, tunaonja tangi, tunaongeza chumvi, tunaonja tena. Ilifika mahali ndimi zetu zimekufa ganzi na kila mtu anatoa uamuzi wake. Fundi mmoja alisema ya kwetu ni bahari bora kuliko ya Tanga.

Nikawasha. Pampu ikanguruma, ule uzi mwembamba ukatoka, nikaonja. Yalikuwa matamu! Mafundi waligonga mabati kwa nyundo, majirani wakadhani kuna mwizi. Mzee Pritam alikunywa, akanawa uso, akanyunyizia boti.

Mashine hii ikishamaliza kazi lazima ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Na sisi watu wa Moshi, ukituambia maji mazuri, tunajua moja tu, ya bomba. Ya mfereji ni ya migomba na ng'ombe. Kwa heshima kubwa tukaiosha mashine kwa maji ya bomba, tukayaacha humo ndani ipumzike. Wakati ule kulikuwa na hofu ya kipindupindu na maji yalikuwa yametiwa dawa. Harufu tuliisikia, tena tukafurahi, tukaona huo ndio usafi wenyewe.

Tulipoiwasha tena baadaye, uzi ulitoka vizuri, nikaonja, nikatema. Chumvi tupu. Mzee Pritam akaenda posta kumpigia simu yule aliyemuuzia kule Mombasa. Alirudi uso umesinyaa.

"Ameniuliza tumeiosha kwa maji gani," alisema. "Nikamwambia ya bomba, safi, ya mlimani. Akasema dawa ya maji inakula ule utando. Chujio tumeliua, Ndeshi."

Tulibaki na lile moja la akiba. Jingine lingetoka ng'ambo, na hakuna aliyejua lingefika lini, kama lingefika. Mama Jasi alizipata habari kabla hata jasho halijatukauka. Mchana alileta sambusa, akazigawa vizuri kwa kila fundi, akauliza kwa upole kama misumeno ya kukatia vyuma imekwisha kunolewa.

Nisingethubutu kulipeleka chujio la mwisho baharini bila kulionja. Lakini sasa nilihitaji maji ambayo hayajatiwa dawa, na nyuma ya ukuta wa karakana yalikuwa yanapita tangu siku ya kwanza, mfereji unaotoka mlimani. Ninyi mmezaliwa na bomba, labda hamjui. Mfereji una wenyewe, una zamu, na una mzee wake. Mzee wa ule alikuwa Mzee Ndesario, mtu mfupi, mwenye fimbo na sauti ya mchungaji. Tukaenda mimi na Mzee Pritam.

"Shikamoo, meku," nilimwamkia, maana kwetu meku ni mzee wa kuheshimiwa.

"Marahaba. Nasikia mnatengeneza bahari."

"Ndiyo, meku. Tunaomba maji ya mfereji, mapipa machache tu."

Akamtazama Mzee Pritam kuanzia kilemba mpaka viatu. "Maji haya wanakunywa waliochimba. Huyu mwenzako karakana yake iko hapa tangu nina nywele nyeusi. Kwenye msaragambo sijamwona hata siku moja."

Msaragambo ni ile kazi ya pamoja ya kuuzibua mfereji, ambayo kila nyumba inatoa mtu. Nikaanza kumtetea mzee wangu, kwamba hakuwahi kuambiwa, kwamba ni mtu wa viwanda. Mzee Pritam akanishika mkono.

"Msaragambo ni lini, meku?" aliuliza.

"Kesho asubuhi."

Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika. Alivaa kilemba cheupe na alishika jembe jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani kwenye mpini. Tulidhani atachimba kidogo kwa heshima, kisha atume kibarua. Alichimba mpaka mwisho. Alitoa tope, akang'oa mizizi, akaingia majini mpaka magotini pamoja na vijana wa Kichagga waliokuwa wanamcheka na baadaye wakaacha kumcheka. Mchana kilemba kilikuwa na rangi ya mfereji. Nikageuka nikamwona Mama Jasi amesimama ng'ambo ya mfereji na vyombo vyake vya chakula, anamtazama mume wake. Hakuniona. Aliviweka vile vyombo juu ya jiwe, akaondoka bila utani wowote.

Mzee Ndesario akatupa zamu yetu, akatupa na amri yake. "Chumvi yenu isirudi kwenye mfereji wangu. Hata tone."

"Aika, meku," nikamshukuru.

Maji ya mfereji yana matope, na matope nayo yanaziba chujio. Kwa hiyo tuliyaacha yatulie kwenye mapipa, kisha tukayachuja kwa kitambaa kilichokunjwa, jinsi bibi alivyochuja mbege. Tukakoroga bahari ya pili. Nikafunga chujio la akiba, nikawasha, nikaonja, nikameza. Safari hii tuliiosha mashine kwa maji iliyoyatengeneza yenyewe, si ya mtu mwingine yeyote. Yale ya chumvi tuliyabeba tukayamwaga kwenye kokoto za karakana, na Mzee Ndesario alikuja kuhakikisha kwa macho yake.

Boti ilikwenda Tanga juu ya lori. Njiani, mjini Same, watu walituuliza kama tunahamisha kanisa. Ilipoingia majini ikaelea, na mafundi wa mabasi, ambao wengi hawakuwa wameiona bahari, walipiga kelele kama mpira umeingia golini. Mama Jasi alikuja nyuma yetu kwa gari lake na dereva. Akawekewa kiti kwenye gati, akafungua mwavuli, akatoa mkobani glasi aliyoibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Hakutaka ya kwetu.

Jua lilikuwa kali, paneli zilikuwa zinashiba juu ya keria. Nikawasha. Uzi ukatoka. Nikaonja, nikatema.

"Umetema," alisema Mama Jasi kutoka kwenye kiti.

"Bado, mama. Ya kwanza huwa yanamwagwa."

Nikasubiri, nikaonja, nikatema tena. Mzee Pritam alikuwa anautazama mlingoti kama anausomea sala. Halafu mashine ikaanza kukohoa. Ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa, na uzi ukakatika. Nikaweka sikio kwenye bomba, nikasikia hewa. Nikachungulia nje, na hapo nikaelewa kitu ambacho hakuna mtu wa Shirimatunda angekifikiria. Bahari yetu ya kwenye tangi haikuwa na mawimbi. Hii ilikuwa inaibembeza boti, na kila ilipolalia upande ule mwingine, tundu la kuvutia maji, ambalo tulilitoboa juu mno, lilichomoza na kunyonya hewa.

"Mafundi wote njooni upande huu!" nilipiga kelele. "Na masanduku ya vyuma! Kaeni hapa, msiondoke!"

Wakaja wote, wakakaa kwa kubanana, boti ikainama, tundu likazama. Mashine ikakohoa mara moja ya mwisho, ikatulia, ikanguruma vizuri. Uzi ukarudi, mwembamba, umenyooka. Nikakinga kikombe changu. Nikaonja.

Nikameza.

"Amemeza," alinong'ona Mzee Pritam.

Nilipokea glasi ya Mama Jasi, nikaijaza. Nikasimama mbele yake, nikanywa kwanza kama bibi alivyonifundisha, na koo langu akaliona likimeza, ndipo nikampa. Aliinywa yote bila kupumzika, sisi tukiwa tumekaa upande mmoja kama kuku, hakuna anayethubutu kujikuna. Akaifuta glasi kwa ukingo wa shali lake. Akamgeukia dereva.

"Lete sanduku langu," alisema.

Sanduku! Lilikuwa ndani ya buti ya gari tangu Moshi. Limefungwa, limejaa, na juu yake kofia mpya ya jua. Mzee Pritam aliketi pale pale alipokuwa, akalia mbele ya mafundi wake wote, na mimi nikalia naye, sioni aibu kusema.

"Mama," nilimuuliza, "na kama yangekuwa na chumvi?"

"Nguo nilizipanga siku ile ya msaragambo," alisema. "Mwanamume aingie kwenye tope la watu ili mimi nipate maji ya kunywa, halafu nimwache aende peke yake?"

Kisha akakunja mwavuli, akashika ngazi ya keria ya basi, akapanda botini.